Dokta Learco na Mnara Ambao Hakuupanda

Kama yupo mtu Bologna nzima anayeweza kubeba sahani sita za supu kwa mkupuo mmoja bila kumwaga tone, mtu huyo ni mimi, Loris. Sijisifu. Nasema kwa kuwa ni kweli, na nimengoja muda mrefu mtu mwingine aseme, hakusema. Kwa hiyo nikikwambia kwamba Learco Stanzani ni mhudumu mzuri kunizidi, ujue neno hilo limenitoka kwa maumivu, kama jino.

Tumefanya kazi pamoja kwa Iole tangu nilipokuwa na nywele. Mgahawa wa Iole uko kwenye kichochoro cha wauza samaki, pembeni ya uwanja mkubwa. Meza chache, mvinyo mwekundu wenye povu, na Iole mwenyewe yuko mlangoni kwenye kiti chake, jicho moja kwa wanaoingia, jicho la pili kwa wanaotaka kutoka kimyakimya.

Learco alikuja pale akiwa mwanafunzi. Mchana chuoni, jioni sahani. Alikuwa anasomea historia. Sasa hapa kwetu mtu akimaliza chuo anaitwa dokta, hata kama alisomea mashairi. Ukiumwa tumbo usimkimbilie. Sisi tukaanza kumwita Dokta wiki ile ile ya kwanza, kwa kumtania tu, tukijua baada ya miaka michache atamaliza na jina atalikuta limeshakaa linamngoja. Jina likangoja. Likazeeka. Wateja waliokuja kwa Iole wakiwa wachumba walikuja tena na wajukuu, wakamkuta bado anaitwa Dokta na bado hajawa dokta.

Alikuwa amebakiza mtihani mmoja. Mmoja tu, wa Kilatini. Andiko lake la mwisho alishaliandika, lilikuwa nyumbani kabatini, chini ya mashuka. Ukimuuliza lini anamaliza, anajibu, "Mwakani." Anavyolisema neno hilo, laini, ungedhani mwakani ni mtaa wa pili tu, ukivuka hapo umefika.

Mimi shule niliiacha mapema. Mwalimu alimwambia mama yangu, "Mtoto wako kichwa anacho, ila anakitumia kuvalia kofia." Mama akanishika mkono akanileta kwa Iole. Watu walinionea huruma, lakini hawakujua kitu kimoja: mtu aliyeacha shule, mnara hauna la kumfanya.

Mnara wenyewe ndio huu. Tuna minara miwili katikati ya mji, imesimama pamoja kama mlevi na mwenzake anayemrudisha nyumbani. Mmoja mfupi, umeinama. Mwingine, Asinelli, mrefu mpaka shingo iume, na ndani yake kuna ngazi za mbao zinazozunguka, zinazunguka, mpaka unatokea juu kwenye upepo. Na kila mwanafunzi wa mji huu anajua: ukiupanda kabla hujamaliza chuo, humalizi. Maprofesa wenyewe wanacheka wakisikia habari hizi. Waulize sasa wao walipanda lini. Baada ya kumaliza.

Mimi nilipanda nilivyotaka. Nilipanda na Wajerumani, nilipanda na binti wa fundi viatu, nilipanda na dada yake pia, siku nyingine. Learco aliponiona narudi nina vumbi la mbao kwenye suruali, aliniuliza, "Umeona nini leo?" Namwambia. Kesho yake namsikia anawaeleza wageni mezani, kwa sauti yake ile ya kanisani: "Nendeni jioni kidogo, jua likiwa upande wa kilima. Mapaa yote yanakuwa mekundu. Upande wa kaskazini ni tambarare, mashamba, mashamba, mpaka macho yanachoka. Ikiwa kuna upepo, mnaona milima yenye theluji mbali kule." Yote ni yangu, neno kwa neno. Wageni wanafuta midomo kwa vitambaa, wanakwenda, wanapanda, wanarudi wanamshukuru yeye. Mimi naachiwa wale wanaotaka spageti na mchuzi wa nyama, chakula ambacho Bologna nzima hakipo isipokuwa kichwani mwao.

"Tuna tambi pana," nawaambia.

"Tunataka spageti."

"Tambi pana zinashika mchuzi. Spageti inaukimbia."

"Tafadhali, spageti."

"Iole," naita, "kuna watu hapa wanataka kunipiga."

Basi, katika mgahawa huo, nyuma ya dirisha la kioo linalotazama kichochoroni, ndipo alipokaa Nives. Nasema alikaa, lakini alisimama siku zote, maana unga wa mayai haukandwi kwa kukaa. Alikuwa binti wa Granarolo, huko huko tambarare, na mikono yake ilikuwa kitu cha watu kusimama kukitazama. Sisi tunasema unga uliosukumwa vizuri ukiuinua kwenye mwanga unaona kilima cha San Luca na kanisa lake. Wa Nives ungeona mpaka padri anafanya nini. Watalii walisimama nje ya kioo kumpiga picha wakamsahau mtakatifu wa mji amelala kanisani peke yake.

Mimi ndiye niliyemwona kwanza. Nilimwachia Learco. Nives anasema sikumwachia mtu, eti yeye alinitazama mara moja akamaliza. Kila mtu na kumbukumbu zake.

Walipochumbiana, baba yake alikuja mjini kumwona mkwe. Mzee Evaristo Gamberini, koti la Jumapili, kucha za Jumamosi. Iole akampa meza nzuri, mimi nikamletea supu yenye vifundo vya unga vilivyojaa nyama, vile ambavyo Nives alivifunga kwa kidole kidogo kimoja kimoja. Learco akasimama mbele yake na kitambaa mkononi.

"Ndiye wewe?" mzee akauliza.

"Ndiye, mzee."

"Kazi yako?"

"Nasoma, mzee. Na jioni nahudumia meza."

"Kipi kinakulisha?"

"Meza."

"Basi sema unahudumia meza. Kaa ule."

Akakaa. Mzee akanywa supu yake yote, kisha akaweka kijiko na kumwonyesha Nives kwa kidevu.

"Huyu tangu akiwa hivi, mnara wenu tunauona kutoka shambani. Asubuhi nikitoka kufungulia ng'ombe, wa kwanza kunisalimia ni ule. Huyu alikuwa ananiuliza, baba, walio kule juu wanatuona? Namwambia sijui, sijapanda, nina ng'ombe. Sasa anafanya kazi chini yake kabisa, na swali lake bado hajalijibu. Mpandishe."

"Nikimaliza chuo, mzee," Learco akasema. "Mwanafunzi hapandi. Ni mwiko."

"Mwiko gani? Ngazi si ngazi?"

"Baba," Nives akasema, "hapa mjini ndivyo walivyo. Ngoja amalize. Tutapanda wote, yeye na taji lake la majani la wahitimu kichwani."

Mzee akafikiri. "Haya. Mizabibu napogoa mwezi wa pili. Matawi nitayaweka, sitayachoma. Mkiwa tayari mnipigie simu, mimi nawasha. Moshi mweupe, mnene. Ukisimama kule juu utauona, utajua hapo ndipo baba yako aliposimama." Akamgeukia Learco. "Lini unamaliza?"

"Mwakani."

"Mwakani si mbali," mzee akasema, na akaomba sahani ya pili.

Wakaoana. Mwakani ikaja, ikapita, haikubisha hodi. Mara mtihani ulikuwa wiki ya msongamano wa watu mgahawani. Mara profesa alikuwa mkali. Mara Learco aliumwa asubuhi ya mtihani, akaumwa kweli, jasho mpaka kwenye shingo ya shati. Tulimcheka. Tulimwambia Kilatini kimekufa zamani na yeye anakwenda kukifuata.

Kila mwaka mwezi wa pili, ukungu ukifunguka, simu ya mgahawa inalia. Iole anapokea.

"Mwambie Nives matawi yako tayari."

"Evaristo, choma hayo matawi upate nafasi."

"Sichomi. Nikichoma hakuna anayetazama, si moshi huo, ni takataka."

"Dokta hajamaliza."

"Najua hajamaliza. Angemaliza ningesikia kelele. Mwambie tu yako tayari."

Halafu wakati wa kulima unafika, mzee anayasogeza matawi ukingoni mwa shamba, juu ya yale ya mwaka jana. Lundo likakua. Kuku wa jirani wakaanza kutaga humo. Nives alikuwa anatusimulia akirudi kutoka kwao, anacheka, mikono imejaa unga. Ila akishacheka anageuza uso dirishani, na pale dirishani, ukiinama kidogo, unaona kipande cha mnara.

Siku moja mchana, wateja wa chakula cha mchana wamekwisha kutoka, nikamwambia, "Shemeji, vua aproni. Nakupeleka mimi. Mpaka wa jioni waje tumesharudi. Mzee apigiwe simu sasa hivi."

Akasimama. Aliifikia kamba ya aproni, niliona kwa macho yangu.

"Halafu akifeli?"

"Atafeli kwa Kilatini, si kwa miguu yako. Mwiko ni wa mwanafunzi. Wewe mwanafunzi?"

"Mimi mke wake. Loris, wewe huwajui mama mkwe na mawifi. Mtu akishindwa, watu wanatafuta mwanamke aliyekuwa karibu. Nikipanda leo, akifeli kesho, mpaka nakufa nitakuwa mimi ndiye niliyemharibia."

Learco alikuwa palepale kaunta, anafuta glasi. Alisikia kila neno. Nilimtazama ili aseme, nenda mke wangu, wewe nenda, mimi nitasoma. Neno dogo tu hilo. Akaendelea kufuta glasi ile ile mpaka nikadhani ataitoboa.

"Dokta," nikamwambia, "husemi?"

"Ngoja kidogo," akasema. "Mwakani tutapanda wote."

Nives akaiachia kamba. Akarudi kwenye unga.

Nikaudhika, nikamtania wiki nzima. Nilimwambia mwenziwe Adamu hakuogopa tunda, yeye anaogopa ngazi. Alicheka na wengine, lakini hakucheka kwa macho. Mimi nikapita juu ya jambo hilo kama ninavyopita juu ya paka mlangoni. Kumbe vitu vingine vilikuwa wazi kabisa. Balbu ikiungua kwa Iole, anayepanda kiti ni mimi. Mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa yananing'inia darini. Kuyashusha ni mimi. Learco husema mgongo unamuuma. Mimi nikasema ni uvivu wa wasomi, nikajisifia kwamba mgahawa ungebaki gizani bila mimi. Ungebaki kweli.

Mzee Evaristo alikufa katika msimu wa ukungu, ukungu wetu ule mzito, ambao mtu anaweza kupotea akitoka jikoni kwenda kisimani. Tulikwenda wote Granarolo kumzika. Iole alifunga mgahawa, jambo ambalo hakulifanya hata siku mumewe alipomkimbia. Baada ya mazishi tulitembea mpaka ukingoni mwa shamba. Lundo la matawi lilikuwa pale, refu kuliko mtu, limeoza chini, limekauka juu. Mji wala mnara havikuonekana, ukungu ulikuwa umevimeza.

Learco akasema, "Niwashe?"

Nives akamtazama. "Uwashe, nani yuko juu?"

Mwaka uliofuata kaka yake Nives alileta trekta akalisafisha lundo lote, akapanda majani ya ng'ombe.

Mtu angedhani hapo mambo yalikwisha. Lakini Nives hakuacha. Alikuwa anasema, "Baba hayupo, shamba lipo. Nataka kusimama kule juu nione tu pale alipokuwa anasimama. Nijue kama tulikuwa tunaonekana." Alisema hivyo bila kulalamika, huku anakata tambi. Learco anasikia, anachukua sahani zake mbili, anakwenda mezani. Mwakani, anasema. Na sisi wote, mimi wa kwanza, tulishazoea neno hilo, halikutukwaruza tena masikio.

Nimpe haki yake, mume mbaya hakuwa. Mume mbaya ningemjua, nina dada wanne. Alimbebea kikapu, alimkanda miguu jioni kwa mafuta ya kafuri, hakuna mtu aliyewahi kusikia amempandishia sauti. Mteja akimuudhi Nives kwa kugonga kioo kwa pete yake, Learco anatoka nje, anamwinamia mtu huyo kwa adabu, anamwambia jambo polepole, mtu anaondoka na masikio mekundu. Wao wawili walipokwenda nyumbani chini ya baraza zetu zinazofunika njia, mkono wa Nives ulikuwa kwenye mkono wa Learco, mvua isimpate hata upande mmoja, na chini ya baraza mvua haifiki. Kwa hiyo tulisema: mwanaume wa namna hii, akichelewesha mnara tu, si kitu.

Halafu vuli moja mji ukaamka na habari. Ule mnara mfupi ulioinama umezidi kuinama. Umejongea. Wakazungushia uzio, makontena, watu wenye kofia ngumu, na ule mrefu jirani yake nao ukafungwa, usipandwe na mtu. Utafunguliwa lini? Watu wakubwa walisema miaka. Mmoja alisema labda kumi. Iole akasema, "Basi mimi sitauona tena wazi," akajifunga shali.

Nives alikwenda peke yake mchana ule akasimama kwenye uzio. Nilimwona nikienda kununua ndimu. Alikuwa ameinua uso, mkono mmoja juu ya macho. Sikumsogelea. Kuna nyakati hata mimi najua kunyamaza, zihesabu, ni chache.

Sasa sikiliza kilichonichanganya. Jioni ile Learco alikula sahani mbili. Mtu ambaye hula amesimama, kijiko kimoja kimoja kama ndege, alikaa akala sahani mbili za tambi na akapangusa mchuzi kwa mkate. Wiki ile ile akatoa vitabu vya Kilatini. Akavisoma kaunta, akavisoma chooni, akavisoma akingoja supu ichemke. Kabla majira ya baridi hayajaisha alikwenda kwenye mtihani hatoki hata jasho, akapita. Akapita vizuri, wala si kwa kuonewa huruma. Andiko likatolewa chini ya mashuka, profesa mpya akalisoma akasema liko sawa, linanukia sabuni kidogo tu.

Siku ya kuhitimu tulikwenda wote kule mtaa wa chuo. Vijana wenye umri wa watoto wake walikuwa wanatoka mlangoni, na mataji ya majani, rafiki zao wanawaimbia wimbo ule wa matusi ambao kila dokta mpya lazima auimbiwe. Alipotoka Learco, mvi zote, suti ya harusi imebana tumboni, mimi nikauanza kwa sauti yangu kubwa, na vijana wale wote wakaitikia, mtaa mzima ukamwimbia matusi. Iole alilia. Nives akamvalisha taji. Alilia pia kidogo, akacheka, akamrekebishia tai.

Tukarudi mgahawani kwa chakula cha mchana. Iole alifunga mlango kwa wageni, tukawa sisi wanne tu. Nives alikuwa ameamka alfajiri kutengeneza supu ile ya vifundo, maana kwetu hakuna furaha inayokaa mezani bila hiyo. Mvinyo ukamiminwa. Nikasimama, maana nani mwingine angesimama.

"Dokta," nikasema, "sasa nakuita kwa haki. Lakini naomba nikuulize mbele ya mashahidi. Umekaa na mtihani mmoja tangu mimi nina nywele. Mnara unafungwa leo, kesho unafungua kitabu, kesho kutwa umepita. Ungetwambia zamani kwamba dawa yako ni hiyo, tungekwenda usiku mmoja tuufunge wenyewe kwa kamba ya nguo."

Iole akacheka. Nami nikacheka, maana lilikuwa zuri. Learco hakucheka. Alikuwa amekunywa, taji limemshukia nyusi, akasema akitazama supu yake, "Ni kweli."

"Kweli nini?" Nives akauliza.

"Ni kweli. Kilatini hakikuwa kigumu." Akashusha kijiko. "Naogopa kuwa juu, Nives. Tangu mtoto. Hata kwenye kiti. Nikisimama kwenye kiti magoti yanakufa. Nilimwahidi baba yako nikimaliza chuo. Kwa hiyo nikawa simalizi."

Nilikuwa bado nimesimama na glasi. Sikujua niiweke wapi.

"Asubuhi za mtihani nilikuwa nafika mpaka mlangoni," akasema. "Nawaza, nikipita huu, jioni tunapanda. Nageuka. Nilidhani mwaka mmoja utapita utasahau. Halafu nikaona aibu ya mwaka ule, ikawa miwili. Ilivyozidi kuwa mingi ndivyo nilivyoshindwa kusema."

Nilidhani Nives atapiga kelele, na nilitaka apige.

"Na siku ile," akasema, "Loris alipotaka kunipeleka. Mimi nikasema naogopa wataniambia nimekuharibia. Wewe ulikuwa pale."

"Nilikuwepo."

"Ulikuwa unajua humalizi kwa hiari yako. Ukaniacha nikae chini, nikulindie mtihani ambao hutaki kuufanya."

"Nilijua ukishapanda ukarudi utaniambia, twende na wewe, uone. Ningesema nini?"

"Ungesema naogopa." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Learco, wewe unaogopa buibui. Unaogopa bata. Harusini kwetu ulikimbia bata mbele ya ukoo mzima, nikaolewa nawe hivyo hivyo. Ungeniambia, ningekucheka siku moja. Kisha ningepanda na huyu mpuuzi, wewe ungetungojea chini na glasi yako. Baba angewasha. Ningeona. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja."

"Najua."

"Asubuhi moja, Learco."

"Najua. Niambie nifanye nini."

"Kufanya nini?" Akafikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa bei na anataka kusema bei ya haki. "Baba amekufa, mnara umefungwa. Hakuna cha kufanya. Kula, supu inapoa."

Akala. Ndugu yangu, nimehudumia meza za misiba, nimehudumia meza ya mume na mke waliokuja kuachana wakiwa na mawakili wao, sijaona mtu anakula kama vile. Kijiko kinakwenda, kinarudi. Iole alinitazama niseme kitu cha kuchekesha, maana hiyo ndiyo kazi yangu pale, sahani ni ziada. Nilitafuta. Mimi, Loris, ambaye sijawahi kukosa neno hata kwa polisi, nilikaa nikanywa supu yangu.

Walipoondoka ilikuwa bado mchana, jua limeingia chini ya baraza mpaka kwenye kuta. Nives aliniomba nimjazie supu iliyobaki kwenye sufuria ndogo, isipotee. Nikaijaza, nikafunika, nikampa. Nilisimama mlangoni na Iole tukiwatazama wanakwenda. Learco, kama ilivyo kawaida yake, akanyoosha mkono amshike mkewe mkono. Nives akautazama ule mkono, akampa sufuria aibebe. Akaipokea kwa mikono miwili, na kwa kuwa ilikuwa imejaa, akalazimika kwenda polepole. Yeye Nives alikwenda mwendo wake.